Tiketi ya Tatu ya Fungate

Ndiyo, miye ndiye yule bibi aliyejikatia tiketi ya fungate ya mjukuu wake, msinong'one pembeni, niulizeni mwenyewe nipo hapa na chai yangu. Najua kisa kimeshafika hadi kwa watu nisiowajua, maana juzi nilikwenda dukani mtaa wa Karantina, hapa hapa Jeddah, kununua dagaa na bizari (bizari ya huku kwetu Aziziya haina harufu, wanaifungia kwenye chupa mpaka inasahau kuwa ni bizari) na muuzaji akaniangalia, akaniangalia tena, akauliza, "Bibi, Ulaya umesharudi?" Watu wakacheka, nami nikacheka, nifanyeje, lakini dagaa niliwasahau pale pale juu ya mzani. Basi bora niseme kwa mdomo wangu, kwa sababu wanaosimulia wanaongeza ya kwao, wapo wanaodai nilikamatwa uwanja wa ndege na begi begani, uongo mtupu, uwanja wa ndege sikufika, mimi nilitahayari Riyadh, ukumbini, mbele ya wakwe, na hiyo inatosha.

Nianze kwa treni, maana yote yametokana na treni.

Mimi nililetwa Jeddah mdogo, wazee wetu walipohama Unguja mwaka ule wa sitini na nne na sisi watoto tukabebwa pamoja na magodoro. Skuli ya maana sikusoma, chuoni nilihitimu Kurani na hapo ndipo nilipoishia, herufi za Kizungu nazisoma moja moja kama mtu anayechambua mchele. Marehemu mume wangu alifanya kazi bandarini, akirudi ananihadithia meli, hii imetoka huku, ile inakwenda kule, mpaka nikawa nazijua kwa rangi. Lakini treni sikuwahi kupanda. Hii ya haraka ya kwenda Madina naiona ikipita, fyuu, imekwisha, ila kwetu tukienda Madina tunajazana kwenye gari la mwanangu Salim na birika la kahawa katikati ya miguu. Nikawa kila nikiiona ikipita najiuliza, wale waliomo ndani wanasikia nini? Sakafu inatetemeka? Chai haimwagiki?

Salim ndiye baba yake Rahma, na Rahma ndiye bibi harusi wa kisa hiki. Nimemlea mwenyewe, mama yake alikuwa kazini mchana kutwa. Na huo ugonjwa wa treni sijui kama yeye kautoa kwangu au mimi kwake, maana tangu mdogo alikuwa akipanga viatu vya nyumba nzima ukumbini, kimoja nyuma ya kingine, anasema ni mabehewa, na ole wako utake kwenda sokoni na kiatu chako ni behewa la katikati.

Alipochumbiwa na Idrisa, kijana wa Kiunguja kama sisi ila wao wamekaa Riyadh, akasema fungate anataka ya treni, Ulaya, atoke mji hadi mji, aone milima yenye theluji kupitia dirishani. Mama yake Idrisa, Bi Shemsa, mwanamke mwema sana lakini hupenda kuwachagulia watu mpaka soksi, akaliweka chini kikombe chake.

"Treni? Watu wanakwenda fungate kwa treni kama mizigo? Na treni za Ulaya ghali, mtarudi mnaomba nauli. Mimi nina hoteli yangu ya baharini, tulivu, chakula mnaletewa chumbani."

Rahma akainamisha uso. Ndipo mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Treni niachieni miye. Huyu ni mwari wangu, mimi ndiye somo wake, treni ndiyo zawadi yangu, na zitakuwa nafuu."

"Wewe, Bi Nasra? Treni za Ulaya?" Bi Shemsa akatabasamu. "Haya. Nyinyi treni, sisi ndege na viza na hoteli. Ukishindwa, watakwenda baharini kwangu."

Hapo ndipo nilipojifunga. Nikishindwa, Rahma treni zake ndiyo basi tena. (Somo mnamjua, ni yule mwanamke mzima anayemfunda mwari kabla ya ndoa, na zamani alikuwa akilala chumba cha pili fungate nzima ili bibi harusi akihitaji kitu amwite. Lishikeni hilo, ndilo lililonimaliza.)

Sasa Kizungu mimi sikijui. Ghorofa ya juu yetu anafanya kazi Wambui, mama wa Kikenya, ana watoto wakubwa kwao Nyahururu, na madam wake Ijumaa jioni humpa ruhusa ashuke kwangu. Yeye huniita Shosho, kwao ndiyo bibi. Tulikuwa tukikaa jikoni, simu imeegemezwa kwenye kopo la sukari, yeye anasoma na kufasiri, mimi nauliza. Na nilikuwa nauliza! Wambui alisema maswali yangu yanachosha kuliko watoto wa madam wake wote wakiunganishwa.

Jambo la kwanza lililonishangaza mpaka chai ikafurika jikoni ni kwamba kiti kile kile, treni ile ile, bei si moja. Ukikata mapema, miezi kabla, nafuu, ukingoja siku zikaribie inapanda, na wikiendi inapanda zaidi, na asubuhi wanapokwenda kazini inapanda pia, kana kwamba kiti nacho kina siku zake za kujidai. Halafu treni si za aina moja. Ipo ya haraka ambayo bei yake hucheza hivyo, na ipo ya polepole inayosimama kila kijiji ambayo bei yake haiyumbi, ukikata leo au ukikata pale pale kituoni ni ile ile. Nikamwambia Wambui, basi pale wasipokuwa na haraka wapande ya polepole, waone na vijiji, nani anakimbilia nini kwenye fungate? Tena ipo ya kulala, unaingia Viena jioni unaamka Venisi, mji ule uliosimama majini, usiku wa hoteli umeuokoa. Wallahi nilipenda akili ya mtu aliyebuni hiyo.

Lakini lililotugusa wote wawili lilikuwa la mipaka. Wambui alisoma, akarudi mstari wa juu, akasoma tena.

"Shosho, hapa wanasema treni inatoka nchi moja inaingia nchi ingine na wewe umelala tu. Pengine wakuamshe uonyeshe pasi, pengine hata hawakuamshi."

"Hakuna wa kuuliza ikama, kibali cha kukaa?"

"Hakuna."

"Wala kafili, tajiri anayekudhamini?"

"Kafili gani, Shosho, na mtu amelala!" Akacheka, kisha akaacha kucheka, akaitazama ile picha ya treni muda mrefu, na mimi nikainuka kumwongezea chai.

Na kulikuwa na sharti moja, alinisomea vizuri, siwezi kumsingizia: tiketi ya nafuu haibadilishwi wala hairudishwi. Umekata, halas, imekwisha.

Sasa njooni kwenye ile treni ya kulala. Wambui akasema kuna chumba cha watu wawili kinachofungwa mlango, akanitajia bei, nikamwambia ateremshe ukurasa haraka kabla hatujatozwa kwa kutazama. Kuna chumba cha vitanda sita, wageni watupu, wake kwa waume mchanganyiko. Na kipo kingine bei hiyo hiyo lakini ni cha wanawake peke yao.

Moyo wangu ukatulia. Jamani, mimi nimeishi nchi hii umri mzima wa milango miwili. Mkahawa ulikuwa na mlango wa familia na mlango wa makapera, benki ina dirisha letu, hospitali ina viti vyetu. Sasa milango mingi imeondolewa, vijana wanaingia popote, lakini kichwani kwangu bado ipo, na sikuzote nilijua ule wa wanawake ndio wenye usalama na zulia safi. Nikasema, "Mweke Rahma hapo hapo."

"Na bwana?"

"Mwanamume huyo, atalala na wenzake kwenye kile cha mchanganyiko."

Wambui akabonyeza. Huo ndio uamuzi wenyewe, mdogo hivyo, kidole kimoja. Lakini Rahma sasa yupo peke yake na wanawake asiowajua, usiku, nchi za watu, na kama akishikwa na tumbo? Nikafikiri, nikafikiri, nikasema, "Niongeze na mimi hapo. Kitanda cha chini, magoti haya hayapandi ngazi."

"Wewe, Shosho?"

"Mimi si somo wake?"

Akanitazama, akatazama simu, akainua mabega. "Sawa. Nyinyi ndio mnajua dini yenu." Akabonyeza.

Na mtu aliyepanda treni ya usiku asubuhi atakwenda wapi? Hatoyeyuka. Ikabidi niwemo kwenye treni ya kutoka Venisi pia, na ile ya milimani, na zile za polepole zote. Na kwa kuwa mimi ndiye mtu mzima nikawekwa dirishani, na Rahma ubavuni kwangu nimshike mkono tukiona theluji, na Idrisa akapata kiti mbele kidogo, upande wa pili, mgongo umetuelekea. Namba za pasi zetu zote zilikuwemo kwenye mkoba wa Salim, na Salim akatoa kadi yake bila kuangalia, "Kata mama, yalla, nachelewa." Nikaona nimefanya kazi nzuri mno. Kila safari nafuu, kila kiti kina mtu wake.

Basi harusi ikafika na tukaenda Riyadh kwa basi, maana hapa kati ya Jeddah na Riyadh treni ya abiria haipo (niliuliza, kondakta wa basi akaniambia subiri mama, nikamwambia mimi na umri huu?). Njia nzima nilikuwa nimeikumbatia simu kama yai.

Ukumbi wa wanawake ulikuwa umependeza, maua mpaka darini. Mwisho wa sherehe likatangazwa kuwa bwana harusi anaingia, abaya zikavaliwa mbio mbio, Idrisa akaja akaketi pembeni ya mkewe, na mshereheshaji, mama wa Mombasa mwenye sauti ya kuita meli, akasema, "Sasa zawadi ya Bi Nasra wa Jeddah, somo wa bibi harusi!" Vigelegele. Simu yangu ikaunganishwa kwenye kioo kikubwa nyuma ya jukwaa. Zikatoka kwanza picha alizozipanga Wambui, milima, maziwa, treni nyekundu inakata theluji kama mkasi kwenye pamba. Watu, "Mashallah! Mashallah!" Rahma akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Nikamtupia jicho Bi Shemsa, nikaona anatikisa kichwa taratibu, ameshindwa.

Hapo ningekaa. Ningeichukua simu yangu nikakaa, leo ningekuwa naheshimiwa Karantina. Lakini nikasema, tena kwa maringo, "Wasomee na tiketi, wajue nimepanga nini!"

Mshereheshaji akafungua, akawa anatufasiria. "Viena kwenda Venisi, treni ya usiku. Bibi harusi, Rahma Salim, chumba cha wanawake, kitanda cha chini." Vigelegele. "Bwana harusi, Idrisa..." Akasita. Akasogea karibu na kioo. "Bwana harusi... behewa jingine. Chumba cha watu sita."

Vigelegele vikakatika katikati, mtu mmoja tu nyuma hakusikia akaendelea peke yake.

"Na abiria wa tatu," akasema yule mama, sasa sauti imekuwa ndogo, "Bi Nasra. Chumba cha wanawake. Kitanda cha chini. Mkabala na bibi harusi."

Idrisa akanigeukia, kwa adabu kabisa, mkono kifuani. "Samahani Bibi. Kwani fungate ni ya nani?"

Jamani ukumbi ule! Sijawahi kusikia kicheko cha namna ile, kilikuja kama mvua ya mawe juu ya bati. Mmoja akapiga kelele, "Idrisa usijali, mtaonana kituoni!" Mwingine, "Mfungieni chakula cha njiani, maskini!" Wanja unawatiririka. Mimi nikataka ile picha iondoke kiooni, nikauvamia waya ili niuchomoe, nikachomoa wa muziki. Kioo kikabaki na jina langu limeng'aa, muziki ukafa ghafla, na ndani ya kimya kile sauti yangu ikasikika mpaka jikoni kwa wapishi: "Chumba cha wawili kilikuwa ghali!"

Basi nilimwaga petroli. Bi Shemsa alicheka mpaka akashikilia meza, akatembea hadi kwangu akijifuta macho, akanishika bega, akasema kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma, "Bi Nasra, halas. Umejitahidi. Zirudishe hizo tiketi, watoto waende baharini kwangu."

"Hazirudi," nikasema. "Wala hazibadilishwi."

Nikamtazama Rahma. Watu wote wanacheka, yeye hacheki. Ameshika ncha ya shela anaizungusha kidoleni, kama alivyokuwa akizungusha kamba ya kiatu tukimvunjia treni yake ya ukumbini. Hapo aibu yangu mimi ikanitoka kabisa, nikaona nilichokivunja.

Idrisa naye alimwona. Akasimama.

"Mama, bahari haihami, tutaikuta. Tutapanda treni alizopanga Bibi."

"Na usiku huo?" mama yake akauliza.

"Usiku mmoja tu. Nimemngoja tangu uchumba mpaka leo, usiku mmoja utaniua?"

Vigelegele vya safari hii vilikuwa vya kweli. Rahma akaiacha shela yake, na mimi nikaenda kujificha msalani mpaka keki ikatwe.

Kesho yake nikiwa kituo cha basi nilimpigia Wambui. "Mbona hukunikataza?"

"Shosho, mimi Mkristo, nitajua aje? Nilifikiri harusi zenu ndio ziko hivyo, ati mpaka bibi aseme sasa sawa." Nikamsikia anajibana asicheke. "Lakini niambie. Wewe ndege ulikuwa umepanga kupanda gani? Na viza?"

Nawaambieni ukweli, viza sikuiwaza, na ndege haikunipitia kichwani hata mara moja. Kutoka Viena nilijua kila kituo na kila dirisha, ila kutoka Jeddah mpaka Viena nilikuwa sijajipeleka. Niliwaza treni tu. Na hapo, kwenye kile kiti cha kituo, ndipo nilipoona wazi kwamba yale ya usalama na tumbo na usomo yalikuwa kweli, lakini si yote. Na mimi nilitaka kuiona treni kwa ndani.

Wakaenda, wawili. Rahma alinipigia kutoka Venisi, nyuma yake nasikia maji na kengele.

"Bibi, hatukulala."

"Ya Rabi, kwa nini?"

"Kwenye ujia kuna viti vidogo vya kukunja, chini ya madirisha. Mimi nikatoka kwangu, yeye akatoka kwake, tukakaa hapo mpaka kulipokucha. Milima ilikuwa myeupe mpaka ikawa kama ina taa. Kitanda chako tulikiwekea kikapu cha maandazi uliyotufungia ya safari, wale wanawake wa chumbani wameyamaliza, wanakusalimia."

"Sakafu ilitetemeka?"

"Kidogo. Unaisikia kwenye nyayo."

"Na chai? Haimwagiki?"

"Haimwagiki, Bibi. Inacheza tu ndani ya kikombe, duara duara."

Nikamwuliza na mengine, taa zinazimwa na nani, mlango unafungukia wapi, aliyekagua tiketi amevaaje, mpaka Idrisa akamnyang'anya simu akasema, "Bibi, naomba mke wangu kidogo."

Waliporudi walikuja Jeddah kunisalimia, na asubuhi moja wakanivalisha abaya mpya, hawaniambii tunakwenda wapi, nikajikuta kituoni, kwenye ile treni ya Madina ninayoiona ikipita kila siku. Ndani! Nimekalishwa dirishani, Rahma ubavuni. Nikavua kiatu kimoja kwa siri nikaweka unyayo sakafuni. Ni kweli, unaisikia. Nikageuka kumtafuta Idrisa nimwambie, simwoni.

"Mumeo yuko wapi?"

Rahma akauma midomo. "Amejikatia behewa la mwisho kabisa. Anasema hakutaka kukuvunjia utaratibu."

Baadaye kidogo akaja, amebeba chai ya gilasi ya karatasi kwa mikono miwili, anapepesuka kati ya viti, akanipa, akaweka mkono kifuani vile vile kama siku ile ukumbini, akasema, "Somo, naomba ruhusa ya kumsalimia mke wangu." Nikamwambia mwanangu kaa hapa, kaa kwenye kiti changu, mimi nitasimama, na behewa zima likageuka kutuangalia kwa jinsi tulivyocheka, na chai haikumwagika.

Kwa hiyo hata mnisihi vipi, fungate ya mtu sipangi tena. Wambui anasema binti yake anachumbiwa kule kwao na huenda wakataka ushauri wangu wa treni. Nimemjibu nitawapa wa treni, wa mapema na wa nafuu na wa polepole. Vitanda wapange wenyewe.